JINA LA UGONJWA SI SABABU YA MAUMIVU

Tangu zamani watu wetu wamekuwa na majina mawili mepesi ya maumivu yakaayo chini ya kitovu. Mwanamke akiumwa huambiwa ana chango. Mwanamume akiumwa huambiwa ana ngiri. Jina likishatamkwa, mazungumzo huisha: mizizi huchimbwa, huchemshwa, mgonjwa hunywa, na watu husubiri. Siku hizi, mijini na hata vijijini, majina hayo yamepokewa na mengine mawili: taifodi na yutiai. Haya nayo yakishatamkwa mazungumzo huisha: vidonge hununuliwa, mgonjwa humeza, na watu husubiri. Dawa zimebadilika na vyombo vya kupimia vimeongezeka, lakini namna ya kufikiri imebaki ile ile.

Makala haya yanakusudia kutetea jambo moja tu, nalo ni kwamba maumivu ya chini ya tumbo yasiyokoma ni swali, wala si jibu. Kuyapa maumivu jina si sawa na kutafuta sababu yake. Ninawaandikia walimu na wanafunzi wa shule za sekondari kwa kuwa ninaamini kwamba kosa hili halitokani na uhaba wa dawa na vyombo peke yake. Hutokana pia na mazoea ya kufikiri, na mazoea ya kufikiri hujengwa darasani.

Kisa cha mwanafunzi mmoja

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa akikosa vipindi mara kwa mara. Nilipomwita ofisini kumwuliza, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, tumbo hili linaniuma tangu nilipokuwa kidato cha pili." Baadaye aliniruhusu nikieleze kisa chake pasipo kumtaja jina, kwa sababu hakutaka wasichana wengine waipite njia aliyoipita yeye.

Alipolalamika nyumbani mara ya kwanza, aliambiwa kwamba ni hedhi tu, atazoea. Maumivu yalipozidi alipelekwa kwenye zahanati, akaambiwa ana yutiai, akapewa vidonge vya siku 5. Alipata nafuu kidogo, kisha maumivu yakarudi. Safari ya pili alipimwa damu, akaambiwa ana taifodi, akapewa vidonge vya siku 10. Safari ya tatu ikawa yutiai tena. Safari ya nne, alipoeleza kwamba anaona uchafu na matone ya damu nje ya siku zake, aliambiwa kwamba ana ugonjwa wa zinaa, akatakiwa amtaje mwanamume mbele ya mama yake mzazi. Hakuwa na wa kumtaja, kwani hakuwahi kumjua mwanamume. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Binti huyu hakuficha. Alisema mara nne, na mara nne alipewa jina.

Safari ya tano alionana na daktari ambaye, kabla ya kuandika lolote, alimwuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa: "Umekulia wapi, mwanangu, na mlikuwa mkichota maji wapi?" Alikuwa amekulia katika kijiji kimoja cha Usukumani, chenye lambo na majaruba ya mpunga. Tangu utotoni aliingia majini kuchota, kufua na kupandikiza mpunga. Mkojo wake wa adhuhuri ulipotazamwa kwa hadubini, yakaonekana mayai yenye mwiba nchani, nayo ni mayai ya kichocho.

Tujiulize: ni kitu gani kilichokuwapo safari ya tano ambacho hakikuwapo safari nne za kwanza? Hadubini ni chombo cha miaka mingi, na zahanati nyingi wanayo. Tofauti ilikuwa ni swali.

Tumbo huficha siri zake

Haifai kuwalaumu matabibu kabla ya kufahamu ugumu wa kazi yenyewe. Chini ya kitovu, katika nafasi isiyozidi bakuli kubwa, vimebanana viungo vingi: kibofu cha mkojo, mirija iletayo mkojo kutoka kwenye mafigo, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kidole tumbo. Kwa mwanamke kuna pia mfuko wa uzazi, ovari na mirija ya uzazi. Kwa mwanamume kuna tezi dume.

Zaidi ya msongamano huo, neva za viungo vya ndani hazifanani na neva za ngozi. Ukichomwa na mwiba kidoleni, utaonyesha mahali penyewe hata ukiwa umefumba macho. Lakini viungo vya ndani vina neva chache, na habari zao hupanda uti wa mgongo kwa njia ile ile ipitayo habari za ngozi ya sehemu nyingine. Ubongo hushindwa kupambanua. Mfano ulio bora ni kidole tumbo. Kinapoanza kuvimba, mgonjwa huhisi maumivu kwenye kitovu, kwa kuwa neva za kidole tumbo na zile za ngozi ya kitovu huingia katika uti wa mgongo kwenye ngazi moja. Saa kadhaa baadaye uvimbe hufika kwenye utando unaotanda ukuta wa ndani wa tumbo, ambao neva zake ni kama za ngozi. Hapo ndipo maumivu "huhama" na kutulia upande wa kulia, chini, mahali alipopaeleza mpasuaji Charles McBurney wa New York mwaka 1889. Ugonjwa wenyewe haukuhama hata kidogo.

Basi mahali panapouma si lazima pawe mahali penye ugonjwa, na kwa hiyo swali la "wapi?" halitoshi. Hapana budi tuulize pia "lini?" na "pamoja na nini?" Maumivu yanayokuja kwa mawimbi kutoka ubavuni kuelekea kinenani huelekeza fikira kwenye jiwe la figo. Yanayopungua baada ya kwenda choo huelekeza kwenye utumbo. Uvimbe kinenani unaotokeza mtu akikohoa na kurudi akilala ndio ngiri hasa, jambo ambalo mkono huligusa na mpasuaji hulishona. Maumivu makali yanayofuata mzunguko wa hedhi, mwezi baada ya mwezi, yaweza kuwa ya endometriosi, yaani hali ambayo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hiyo huwapata kiasi cha asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani milioni 190 hivi duniani kote. Msichana anayeshindwa kuhudhuria masomo kila mwezi kwa sababu ya maumivu hafai kuambiwa "utazoea". Anastahili kuchunguzwa.

Hapa nitoe tahadhari moja. Yako maumivu yasiyongoja mjadala wowote: yanayoanza ghafula na kwa ukali, yanayoambatana na kuzimia, homa kali, tumbo kuwa gumu kama ubao, kutapika kusikokoma, au kuchelewa kwa hedhi kwa mwanamke awezaye kuwa mjamzito. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huweza kuua kwa saa chache. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja.

Hesabu ambayo kila kidato cha nne angeiweza

Wengi hudhani kwamba mgonjwa akishapimwa na kipimo kikasema "ndiyo", shauri limekwisha. Na tuifanye hesabu. Tuchukue wagonjwa 1,000 wenye maumivu ya tumbo, na tuseme kwamba 20 kati yao ndio wenye ugonjwa fulani. Tuseme pia kwamba kipimo chetu ni kizuri kiasi: katika kila wagonjwa 10 wa kweli hukamata 9, na katika kila watu 10 wasio nao humsingizia 1 tu. Katika wale 20, kipimo kitakamata 18. Katika wale 980 wasio na ugonjwa, kitawasingizia 98. Jumla ya waliosomewa "ndiyo" ni 116, na walio wagonjwa wa kweli ni 18, yaani hata mmoja katika sita hatimii! Watano kati ya sita watameza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, huku ugonjwa walio nao ukiendelea.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Tuseme tabibu amewauliza wagonjwa maswali ya makini, akawatenga 1,000 ambao historia yao inaelekea kweli kwenye ugonjwa ule, hata 400 kati yao wawe nao. Kipimo kile kile kitakamata 360 na kuwasingizia 60. Waliosomewa "ndiyo" ni 420, na sita katika kila saba ni wagonjwa wa kweli. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni swali lililotangulia kipimo.

Hesabu hii si mchezo wa ubaoni. Kipimo cha damu kitumikacho sana kutajia taifodi hutokana na kazi ya Mfaransa Fernand Widal ya mwaka 1896. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe; hutafuta kingamwili zinazotokana na mwili kukutana naye. Lakini mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyechanjwa, au aliyeambukizwa na bakteria wa jamii iliyo karibu, aweza kuwa na kingamwili hizo bila ya kuwa na taifodi leo. Njia ya kuaminika zaidi ni kumwotesha bakteria kutoka katika damu, kazi inayohitaji maabara na siku kadhaa. Vivyo hivyo, karatasi ya kupimia mkojo ikionyesha damu na chembe nyeupe, wengi husema yutiai papo hapo. Lakini kichocho nacho hutia damu na chembe nyeupe katika mkojo. Karatasi haikusema uongo. Tuliyoiuliza ndiyo hatukumaliza kuuliza.

Kichocho tusichokifundisha

Minyoo ya kichocho iligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, akifanya utafiti huko huko Misri, alithibitisha kwamba minyoo hii hupitia katika konokono wa maji baridi, na kwamba vijidudu vitokavyo kwa konokono humwingia mtu kwa kutoboa ngozi yake akiwa majini. Hapa Tanzania kichocho cha aina inayoshambulia mkojo na uzazi hupatikana Unguja na Pemba, mwambao wa bara, na katika malambo na majaruba ya mikoa ya kusini mwa Ziwa Viktoria.

Hayo mwanafunzi wetu huyajua. Huchora duara safi: mtu, maji, konokono, maji, mtu. Akiulizwa dalili, hujibu: "Damu katika mkojo." Kisha hupewa alama zake, na somo hufungwa. Lakini duara hilo halisemi yanayotukia ndani ya mwili. Minyoo iliyokomaa hukaa miaka mingi katika vena zinazozunguka kibofu na viungo vya uzazi. Jike hutaga makumi na hata mamia ya mayai kila siku. Mengi hayapati njia ya kutoka. Hunasa katika nyama. Mwili huyazungushia chembe za kinga, na palipozungushiwa hufanya vinundu, kisha makovu. Kwa mwanamke mayai hayo hunasa pia katika shingo ya kizazi, katika uke, na katika mirija ya uzazi. Hapo ndipo hutokea maumivu ya chini ya tumbo yasiyokoma, uchafu, damu isiyo ya hedhi, na baadaye ugumba au mimba kutunga nje ya mfuko. Tazama orodha hiyo vizuri: inafanana mno na orodha ya dalili za magonjwa ya zinaa. Ndiyo maana binti wa kisa chetu alitakiwa kumtaja mtu asiyekuwapo.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1899 mpasuaji Frank Cole Madden, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alieleza kichocho cha uke. Imepita zaidi ya karne moja. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha picha ili kuwasaidia watumishi wa afya kuzitambua alama zake. Inakadiriwa kwamba wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wa Afrika kusini mwa Sahara wana hali hiyo. Ugonjwa wenye watu wengi kiasi hicho, na unaojulikana kwa muda mrefu hivyo, hauwezi kusemwa kwamba umejificha. Sisi ndio tuliokuwa hatuulizi.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, nayo hugawiwa mashuleni kwa kampeni. Lakini haiondoi makovu yaliyokwisha kujengeka, wala haiui vizuri minyoo michanga. Kwa hiyo anayetibiwa mapema hupona vema kuliko anayetibiwa baada ya miaka mingi ya kupewa majina mengine. Na jambo moja zaidi la kukumbuka: mkojo waweza kukosa mayai hali shingo ya kizazi inayo. Kutokuona si uthibitisho wa kutokuwapo.

Hoja ya upande wa pili

Najua nitaambiwa: "Bwana, wewe ni mwalimu wa zuolojia, hujui foleni ya zahanati." Ni kweli. Tabibu mwenye wagonjwa wengi nje ya mlango na maabara yenye chombo kimoja hawezi kumchunguza kila mtu kama katika hospitali kuu. Tena ziko hali ambazo kutibu kwa kukisia ni busara. Mwanamke mwenye dalili za uvimbe wa mirija ya uzazi apewe dawa za kuua bakteria mara moja, kwa maana kuchelewa huiharibu mirija hiyo daima. Hilo silipingi.

Ninachodai ni kwamba dawa itolewayo kwa kukisia ni jaribio, na jaribio lina matokeo, na matokeo husomwa. Mgonjwa akirudi na maumivu yale yale, amerudi na ushahidi mpya kwamba kisio la kwanza huenda halikuwa sahihi. Kumrudishia dawa ile ile, au ndugu yake, ni kuutupa ushahidi huo. Mwanafunzi anayefanya hivyo katika maabara ya kemia hukosa alama. Kwa nini tuyakubali nje ya maabara? Aidha, kila dozi isiyohitajika huwapa bakteria nafasi ya kujenga usugu, na gharama yake italipwa na mgonjwa mwingine ambaye kweli ataihitaji dawa hiyo.

Kazi iliyo mbele yetu mashuleni

Kwanza, mwalimu wa baiolojia anapofundisha kichocho aseme wazi, mbele ya wavulana na wasichana, kwamba ugonjwa huu hufika katika viungo vya uzazi, na kwamba mwenye dalili zake hakufanya kosa lolote ila kuchota maji. Haya ya mwalimu isiwe sababu ya aibu ya mwanafunzi.

Pili, mwalimu wa hisabati aichukue ile hesabu ya wagonjwa 1,000 na kuifanya zoezi la asilimia na uwezekano. Ni bora kuliko shanga nyekundu na nyeupe za mfukoni.

Tatu, mwanafunzi mwenye maumivu yanayorudi apewe daftari. Kila siku ya maumivu aandike tarehe, saa, mahali panapouma, alichokula, choo na mkojo vilikuwaje, na kama ni msichana, siku ya mzunguko wake. Daftari la miezi miwili au mitatu litamsaidia tabibu kuliko maelezo ya dakika mbili.

Nne, tuwazoeze vijana kuuliza kwa adabu maswali manne: Jina hili limetokana na ushahidi gani? Ni sababu zipi nyingine ziwezazo kuleta hali hii? Ni kipimo kipi kitakachozipambanua? Na dawa hii isipofaa, tutafanya nini? Kumwuliza daktari si kumvunjia heshima. Tabibu mzuri hujiuliza maswali hayo hayo kimya kimya.

Wala tusiwacheke bibi zetu waliosema chango. Waliona mambo ya kweli: kwamba maumivu hayo hufuata miezi, kwamba mara nyingine huambatana na kukosa mtoto, na kwamba si ya kudharauliwa. Walichokosa ni hadubini na desturi ya kuendelea kuuliza baada ya jina kupatikana. Sisi hadubini tunazo.

Yule mwanafunzi angali akihudhuria kliniki. Maumivu yamepungua sana, ingawa hayakwisha kabisa, na madaktari wanaendelea kuyachunguza makovu yake. Likizo iliyofuata alirudi kijijini kwao akiwa na daftari na swali moja, akawachukua wadogo zake wawili kwenda kupimwa. Wote wawili walikutwa na mayai katika mkojo, nao hawakuwa wameanza kuumwa. Walitibiwa wiki hiyo hiyo.